Makofi ya Alfajiri

“Dickson! Dickson we! Mwache mtoto wa watu!”

Mlango ulitikiswa hadi kitasa kikalia. Ndani, mkono wa Dickson uliganda hewani. Mkewe Leonia alikuwa amelala kifudifudi kitandani, kiuno kikiwa juu ya mito, kichwa kikining'inia kuelekea sakafuni, na kopo tupu la maziwa ya unga likiwa chini ya mdomo wake. Alitaka kujibu, akashindwa. Mdomo ulikuwa umejaa makohozi.

“Nakusikia!” Ilikuwa sauti ya Mama Stamili, mpangaji wa chumba cha pili. “Kila siku, jogoo hajamaliza kuwika, pu, pu, pu! Umeoa mke au umenunua ngoma?”

Leonia akatema, akafuta mdomo kwa pindo la kanga, akanong'ona, “Usifungue.”

“Leonia, huyu mama anadhani nakupiga.”

“Najua.”

“Acha nitoke nimweleze.”

“Ukimweleza, jua halijazama mtaa mzima wa Lisekese utajua nina kifua. Nakuomba, mume wangu. Nakuomba sana.”

Dickson alisimama, kiganja bado kimekunjwa. Kisha akausogelea mlango na kusema bila kuufungua, “Hakuna tatizo, mama. Ni mambo yetu ya ndani tu.”

“Mambo ya ndani!” Mama Stamili alisonya hadi nyumba ya tatu wakasikia. “Hata marehemu mume wangu alikuwa na mambo ya ndani, mpaka akaning'oa jino.”

Ilikuwa mwaka 2004, msimu wa korosho. Wanunuzi binafsi walikuwa wamejaa Masasi, kila mmoja na ghala lake na mizani yake, na Dickson alikuwa mpimaji kwa mmoja wao. Ndiyo kazi iliyomfikisha Mnyambe, kule Newala, msimu uliotangulia, na huko ndiko alikomwona Leonia akiuza vitumbua kando ya mizani. Alikula vitumbua siku hiyo hadi wenzake wakamcheka.

Alipoanza kuzungumzia posa, Leonia hakumficha kitu. Alimketisha kwenye gunia la korosho akamwambia:

“Nina kifua, Dickson. Si cha kupona.”

“Kikoje?”

“Niliugua surua nikiwa mdogo, ikanishukia kifuani. Hospitali ya misheni walinipima, wakarudia, wakasema si kifua kikuu. Mirija ya mapafu imetanuka na kulegea, makohozi yanatuama humo, basi wadudu hawakosekani. Simwambukizi mtu. Ila nakunywa antibayotiki miezi nenda miezi rudi. Na kila asubuhi lazima nilale kichwa chini, mtu anigonge mgongo mpaka uchafu utoke. Mama ndiye anayenigonga, kwa siri, hata mjomba hajui.”

“Ukiacha?”

“Nikiacha, nitakufa.”

“Usipoacha?”

“Naishi.”

“Basi hatuachi.”

Leonia alilia siku ile, kwa sababu mwanaume wa kwanza kumwambia habari hizo hakujibu hivyo. Huyo alikuwa Cecil wa Chidya. Cecil aliaga, na wiki iliyofuata kijiji kizima kilikuwa kinasema binti wa vitumbua ana ule ugonjwa wa siku hizi, ndiyo maana anakohoa na kumeza vidonge kila siku. Mjomba wake aliuita uzushi, lakini watu waliacha kununua. Waliokuwa wakimwita shoga walianza kumsalimia kwa mbali. Sahani aliyokulia msibani ilioshwa kwa majivu mbele ya macho yake. Aibu ile ilimwingia kuliko ugonjwa wenyewe, na siku Dickson alipomleta Lisekese kuwa mke wake, alimwapisha: hapa asijue mtu.

Dickson aliapa. Muuguzi wa misheni alimfundisha namna ya kugonga. Kunja kiganja kama unayeteka maji, alimwambia, usipige kwa kiganja bapa, anza chini ya mbavu, upande huu kisha ule. Ukikunja vizuri mgonjwa haumii hata kidogo. Ila sauti inatoka kubwa, kama mtu anayekung'uta godoro. Na kuta za Lisekese ni za matofali mabichi, na dari hakuna.

Basi maneno yakatembea.

Kwanza yalifika ghalani. Mwanamke mmoja kutoka Newala aliweka gunia lake chini, akamwona Dickson amesimama kwenye mizani, akalinyanyua tena.

“Vipi, mama, mbona unaondoa?”

“Mimi sipimiwi na mkono unaopiga mke.”

“Nani kakwambia hivyo?”

“Unataka nikutajie mmoja nimwache yupi?”

Wanawake waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walinyanyua yao pia. Bosi akamwondoa Dickson kwenye mizani, akampeleka nyuma kushona magunia, mahali ambapo hakuna anayemwona.

Jioni alirudi nyumbani, akala nusu ya chakula. Leonia akamuuliza, akajibu kwamba kazi ni nzito tu msimu huu. Leonia hakuuliza mara ya pili. Alijua. Mchana ule ule wanawake wawili walikuja kununua vitumbua alivyouza kibarazani, wakambana mkono na kumwambia, “Vumilia dada, ila ukizidiwa, Mungu hakukuumba uwe kinu.” Naye aliinamisha kichwa tu. Alijichukia kwa kuinamisha kile kichwa, lakini aliinamisha.

Kisha maneno yakapanda mlima hadi Newala kwa mama yake Dickson. Mama Theodora hakuwa na simu. Dickson alizoea kumpigia kwa mwenye duka jirani yake, naye anaitwa. Jumapili moja alipiga. Mwenye duka alipokea, akasema subiri, akakaa kidogo, kisha simu ikakatwa. Baadaye ukaingia ujumbe:

“MAMA YAKO AMESEMA NIKUANDIKIE HIVI. BABA YAKO ALINIVUNJA MKONO WEWE UKIWA TUMBONI. SIKUZAA MTU WA KUENDELEZA KAZI YAKE. USINIITE TENA KWENYE SIMU.”

Dickson aliusoma amesimama. Akaketi, akausoma tena. Akampa Leonia simu.

“Soma.”

Leonia alisoma, akairudisha simu.

“Dickson…”

“Mwambie mama yangu. Yeye mmoja tu, Leonia. Sitaki Lisekese, sitaki ghala. Mama yangu tu.”

“Mama atamwambia dada yake. Dada yake ataisema kanisani, kwa nia njema, tuombewe. Hujui inavyokwenda. Mimi najua.”

“Kwa hiyo mimi nibaki mpiga mke?”

“Nipe muda.”

“Muda! Wewe unaona haya kusemwa mgonjwa, ugonjwa ambao hukuuomba. Mimi nasemwa mnyama, kwa kazi ninayoifanya kwa kukupenda. Hebu niambie, nani kati yetu anaumia zaidi?”

 Leonia alianza kukohoa, na safari hii hakujua kama anakohoa kweli au anajificha nyuma ya kikohozi.

Kesho yake alfajiri alijilaza kama kawaida, kichwa chini, kopo chini. Alisubiri. Mkono haukuja.

“Dickson?”

“Siwezi.” Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viganja vimelala mapajani. “Nikiunyanyua namsikia mama. Nisamehe. Leo siwezi.”

Wala siku zilizofuata hakuweza. Leonia alijaribu kujigonga mwenyewe, mkono hauzunguki mgongoni. Alijaribu kuinama na kukohoa peke yake, yakatoka machache. Vidonge aliendelea kumeza kama alivyoamriwa, lakini daktari alishamwonya kwamba dawa peke yake ni kufagia nyumba huku umefunga mlango. Kifua kilianza kujaa. Homa ikaingia, ikakaa. Makohozi yakawa ya kijani na ya kunuka, usiku alilala ameegemea ukuta. Akakonda. Majirani walimwona anakonda, wakatikisa vichwa.

“Siku hizi hampigi kwa kelele,” Mama Stamili alisema kisimani. “Amebadili mbinu. Mtazameni mtoto wa watu, amebaki macho.”

Na ni Mama Stamili huyo huyo, kwa moyo safi kabisa, aliyetafuta namba ya ukoo wa Leonia kule Mnyambe, akawapigia. Alhamisi simu ya Dickson ililia mlio wa ujumbe. Haukuwa wake.

“LEONIA MWANANGU. TUMESIKIA YOTE. MAMA YAKO HATUJAMWAMBIA. JUMAMOSI NAKUJA KUKUCHUKUA. USIMWAMBIE MUMEO. MJOMBA ALFREDI.”

Mjomba Alfredi hakujua kwamba namba aliyopewa ni ya simu ya mume. Dickson alimsomea mkewe kwa sauti, neno kwa neno, akaiweka simu mezani.

“Umwambie asije,” Leonia alisema.

“Nimwambie mimi? Mpiga mke?”

Jumamosi asubuhi Mjomba Alfredi aliteremka kwenye pikipiki, koti la suti limejaa vumbi jekundu la Newala. Kwa watu wa upande ule mjomba ndiye mwenye mtoto. Yeye ndiye aliyepokea posa, yeye ndiye aliyesema ndiyo. Hakuingia ndani. Aliomba kiti akaketi uani, akaagiza mwenyekiti wa mtaa aitwe. Mwenyekiti Nicholaus akaja, na mgambo mmoja nyuma yake. Wapangaji wote wakatoka vyumbani.

“Shikamoo mjomba,” alisema Leonia. Alikuwa amejifunika kanga mbili, na meno yanagongana.

“Marahaba, mwanangu. Kaa hapa karibu yangu.” Mjomba alimtazama uso, akafumba macho kidogo. “Dickson. Mimi nilikupa mtoto mzima. Huyu uliyenitolea leo ni nani?”

“Mjomba, mimi…” Dickson alimtazama Leonia. Leonia akatazama chini. “Mimi sina la kusema. Aseme mwenyewe.”

“Haya, mwanangu. Anakupiga?”

“Hapana, mjomba. Hanipigi.”

Uani pakazuka guno.

“Wote husema hivyo,” alisema Mama Stamili kwa upole. “Hata mimi nilisema nimeanguka bafuni. Mzee, mimi nimemsikia kwa masikio yangu. Kila alfajiri. Mtoto analia, anakohoa, anatapika kwa kipigo. Kama nasema uongo, radhi ya wazazi wangu iniondokee.”

“Leonia,” mwenyekiti aliuliza, “huyu mama anasema uongo?”

“Hasemi uongo.”

“Kwa hiyo zile sauti ni za nini?”

Hapa ndipo Leonia alipopaswa kusema. Neno lilikuja mpaka ulimini. Akaona nyuso zile zote, akaona wanawake wanaonunua vitumbua vyake, akaona sahani ile ya Mnyambe inasuguliwa majivu. Neno likarudi tumboni.

Mjomba Alfredi alisimama. “Imetosha. Mtoto anarudi kwao. Na huyu bwana, mwenyekiti, mimi sitaki aje kuoa mwingine akamuue. Apelekwe polisi aandikishe maelezo.”

Mwenyekiti akamkonyeza mgambo. Mgambo akasogea na kamba ya katani mkononi.

“Nitakwenda bila kamba,” Dickson alisema. “Sina pa kukimbilia.” Lakini alinyoosha mikono. Kabla kamba haijamgusa alikumbuka kitu, akarudi chumbani, akatoka na mfuko wa nguo za mkewe, akaupeleka kwa mjomba. “Mzee, humu ndani chini kabisa kuna vidonge vyake. Anywe kila siku, hata akisema amepata nafuu. Akiruka, mtamzika. Ni hayo tu.”

“Vidonge vya nini?”

“Muulize mwenyewe, mzee. Mimi niliapa.”

Akanyoosha mikono tena. Kamba ikapita kwenye kiganja cha kulia, kile kile.

“Mwachieni!”

Leonia alikuwa amesimama. Kanga ya juu imeanguka. Alitembea kwa kuyumba hadi kibarazani, akaliburuta benchi la vitumbua hadi katikati ya ua, akatandika mkeka, akapiga magoti, akalalia benchi kwa kifua, kichwa kikashuka hadi karibu na ardhi.

“Dickson, njoo unipige.”

Mgambo alimtazama mwenyekiti.

“Leonia, inuka,” Dickson alisema. “Si lazima. Inuka.”

“Njoo unipige kama kila siku. Nitakufa hapa hapa ukichelewa, kifua kimejaa. Njoo!”

Mgambo mwenyewe aliilegeza kamba. Dickson akaja, akapiga magoti kando yake, akakunja kiganja.  Akaanza chini ya mbavu. Pu. Pu. Pu. Sauti ile ile, mchana kweupe, mbele ya watu. Leonia alikohoa, akakohoa tena, mwili mzima ukajikunja, na yakaanza kutoka, mazito, ya kijani, yenye michirizi ya damu, yakadondoka mchangani mbele ya macho ya Lisekese. Hakuyafunika. Dickson hakuacha kugonga. Machozi yalikuwa yanamtiririka kidevuni na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Alipopata pumzi, Leonia aliinua uso.

“Ndiyo zile sauti, mwenyekiti. Nina ugonjwa wa mapafu tangu utoto. Si kifua kikuu, wala si ule mnaoufikiria. Hauambukizi. Asiyeamini nitampeleka kwa daktari aliyenipima. Huyu hajawahi kunipiga hata kwa maneno. Mimi ndiye nilimfunga mdomo, nikamwacha asemwe, kwa sababu niliogopa kusemwa mimi.”

Baadhi ya watu walirudi hatua nyuma, wengine wakaziba pua kwa kanga. Sauti moja ikauliza kutoka nyuma, “Na vitumbua tulivyokula je?”

“Nilivipika nimejifunga kitambaa mdomoni. Anayetaka atakula tena. Asiyetaka simlaumu.”

Mama Stamili alikuwa ameketi chini. “Mwanangu,” alimwambia Dickson, “mimi nilisikia kilichonipata mimi. Nilidhani ndicho.”

“Ungenyamaza, mama, na kweli angekuwa anapigwa, ingekuwaje?” Dickson alijibu. “Sina kinyongo na wewe.”

Mjomba Alfredi alivua koti, akalikunja, akaliweka chini ya magoti ya Leonia. Kisha akachuchumaa upande wa pili.

“Nionyeshe huo mkono unavyokunjwa,” alisema kwa sauti iliyokwaruza. “Umechoka, mkwe. Nipokezane na wewe.”

Mchana huo walimpakia Leonia kwenye pikapu ya korosho hadi hospitali ya misheni. Daktari alisema wamechelewa lakini hawajachelewa kabisa. Alianza sindano, na baada ya sindano kukawa na vidonge vipya, vikali kuliko vya kwanza, vya kunywa miezi mingi. Vilimtibua tumbo, na ngozi ikamwungua akitoka juani. Alivimeza.

Homa iliposhuka, akawa anamtazama mumewe aliyekaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Alimletea uji, alimgonga mgongo asubuhi na jioni, lakini maneno yake yalikuwa machache.

“Umenikasirikia?”

“Ndiyo.”

“Sana?”

“Sana, Leonia. Niliponyoosha mikono mara ya kwanza ulinitazama ukanyamaza. Ule unyamavu bado nalala nao.”

“Niliogopa.”

“Na mimi niliogopa.”

Leonia alilia bila sauti. Hakumwomba aache hasira. “Nikufanyie nini?” aliuliza.

Dickson alitoa simu mfukoni. Aliiweka shukani, karibu na mkono wake.

“Mama. Umpigie wewe.”

Mwenye duka wa Newala alipokea kwa wasiwasi. Leonia akamwomba amwambie tu Mama Theodora kwamba mkwewe ndiye anayepiga, na kwamba yuko hospitali. Baada ya muda wakasikia kandambili zinakuja mbio.

“Leonia? Amekuvunja nini?”

“Shikamoo mama. Hajanivunja. Naomba unisikilize mpaka mwisho, halafu ukitaka kunitukana, nitukane.”

Akaeleza yote. Hakujipunguzia. Alieleza kuhusu Cecil, kuhusu kiapo, kuhusu wanawake wa ghalani, kuhusu kamba. Alipomaliza, alitazama simu kama vocha imeisha.

“Mama?”

“Nipo.” Sauti ilikuwa imepasuka. “Mpe simu mwanangu.”

Dickson aliichukua kwa mikono miwili.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba. Marahaba. Marahaba.” Alisema hivyo tu, na kulia, na Dickson akageukia ukutani ili wagonjwa wa vitanda vingine wasimwone.

Waliporudi Lisekese, vitumbua havikurudi kuwa kama zamani. Wateja wengine hawakuonekana tena hadi leo. Wengine walikuja, wakanunua, wakala pale pale wamesimama ili waonekane. Ghalani, wanawake walidai mpimaji wao arudishwe kwenye mizani, na bosi akamrudisha. Ugonjwa haukuondoka. Kuna miezi Leonia alipika na kuimba, na kuna miezi alirudi wodini. Dawa zilibadilishwa, zikasimamishwa, zikaanza tena.

Hasira ya Dickson iliisha polepole, bila kutangazwa. Leonia aliitambua imekwisha siku mume wake alipoanza tena kumtania.

Mama Theodora alishuka kutoka Newala mvua za kwanza zilipoanza. Alilala kwenye mkeka chumbani humo humo, maana kingine hakikuwepo. Alfajiri Leonia akajilaza, kichwa chini, akiona haya kidogo mbele ya mkwewe. Dickson akakunja kiganja, akamgeukia mama yake kama anayeomba ruhusa.

“Mama, ukitaka toka nje kidogo.”

“Sitoki.”

Akaanza. Pu. Pu. Pu. Mama Theodora aliketi, akajisogeza hadi ukingoni mwa kitanda, akatazama mkono wa mwanawe unavyopanda na kushuka kwenye mgongo wa mke wake.

“Mama, unalia?”

“Nyamaza wewe,” alisema, akimshikia Leonia kopo. “Endelea.”